Vipimo Sita vya Chiriku

Jumapili, 2 Machi

Binti yangu ameondoka na basi la saa nne asubuhi. Wiki tatu za mafunzo ya ufundi wa lifti, na cheti mwishoni. Ameniachia mtoto, mizani ya jikoni, makopo manne ya maziwa maalumu ya unga, na daftari lenye jalada la kijani.

Kituoni alinishika mkono. "Mama, usiogope. Fuata daftari tu."

Mimi niogope mizani? Nimekaa kaunta ya vifurushi pale posta miaka ishirini na sita.

Mjukuu ana miaka mitano. Jina la Chiriku nilimpa mimi, maana hanyamazi. Leo nimeamua kuhesabu maswali yake, kwa kujifurahisha tu. Kutoka kituoni hadi mlangoni: thelathini na moja. La mwisho lilikuwa kwa nini mizani ina miguu minne na haiendi popote.

Jumatatu, 3 Machi

Niuandike ugonjwa wenyewe kwa mpangilio. Kitu nisichoweza kukiandika sikijui.

Protini imejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Viko kama ishirini. Kimoja kinaitwa fenilalanini. (Nimelifanyia mazoezi jina hili jikoni kwa sauti. Chiriku analitamka vizuri kuliko mimi, na ananicheka.) Kiko kwenye nyama, samaki, mayai, maharagwe, mkate, karibu kila kitu kitamu. Mtu mwingine anakula, mwili unachukua unachokihitaji, na kinachozidi kinageuzwa na kimeng'enya fulani cha ini kuwa kitu kingine. Kimeng'enya hicho kwa Chiriku hakifanyi kazi. Kinachozidi hakigeuki. Kinarundikana kwenye damu na kufika kwenye ubongo, na mtoto asipoangaliwa akili inaharibika, na ikishaharibika hairudi.

Ni kama chumba chetu cha kuchambulia barua siku mchambuzi hayupo. Magunia yanaendelea kuingia, na kufikia jioni hata mlango haufunguki.

Waligundua akiwa na siku tano, kwa tone la damu la kisigino. Tangu siku hiyo binti yangu amepima kila tonge. Miaka mitano! Nimefungua daftari la kijani na kukuta ni la kumi na nne. Mwandiko ni ule ule, hata siku zile alizokuwa na homa yeye mwenyewe. Nilidhani mtu mwenye mpangilio katika ukoo huu ni mimi.

Sheria zake ziko ukurasa wa kwanza. Kwa siku: vipimo sita. Kipimo kimoja ni viazi gramu themanini, au wali gramu arobaini na tano. Kabichi, karoti, nyanya na tufaha ni vya bure, havipimwi. Maziwa maalumu mara tatu. Yana asidi amino zote isipokuwa hiyo moja. Yananuka kama kadibodi iliyolowa. Chiriku anayanywa kwa mrija, amefumba macho, halafu anasema ahsante. Mtoto wa miaka mitano.

Maswali leo: arobaini na nne.

Jumanne, 4 Machi

Nimeboresha utaratibu kidogo.

Viazi haviwezi kukatwa vikawa gramu themanini kamili. Leo vimefika themanini na sita. Sasa hizo sita unaziweka wapi? Kaunta tuna kanuni: kifurushi kikipita mstari hata kwa gramu moja, kinahesabiwa daraja la juu. Hakuna kujadiliana. Kwa hiyo viazi vya leo nimeviandika vipimo viwili. Na hivyo vya bure nimevipa kimoja kimoja, kabichi kimoja, karoti kimoja. Katika miaka ishirini na sita sijawahi kuona kifurushi cha bure.

Hivi sita vinajaa haraka, lakini najua hakuna kilichopenya. Tukikosea, tukosee upande wa usalama.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya damu. Unachoma kidole, unadondosha tone kwenye kila duara la kadi, unaacha ikauke, unaituma kliniki. Niliiweka sindano chini mara mbili. Alinichagulia kidole: "Hiki, Bibi. Hiki cha pete kimepumzika tangu wiki iliyopita."

Ana zamu za vidole! Nikamwambia mke mwenzangu, wewe ni jasiri kuliko marehemu babu yako, aliyekuwa anazimia akiona sindano ya kushonea. Akauliza kama babu naye alikuwa na zamu.

Kadi nimeipeleka mwenyewe hadi kwenye gunia la kliniki. Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Muhuri, aliniona. "Leo unajitumia barua za siri?" Nikamwambia ni damu ya mjukuu. Akavua kofia kwa bahasha.

Maswali: thelathini na nane.

Jumatatu, 10 Machi

Majibu yamekuja kwa ujumbe wa simu kutoka kwa mtaalamu wa lishe wa kliniki. Kiwango kinachotakiwa ni kati ya mia moja ishirini na mia tatu sitini. Kabla binti yangu hajaondoka ilikuwa mia mbili arobaini. Yangu: mia moja thelathini na tano.

Nimeisoma mara tatu. Wiki moja tu mikononi mwangu. Nimempigia binti yangu, akasema, "Imeshuka sana, Mama. Anakula?" Anakula, nikamwambia, anamaliza sahani. Na ni kweli, anamaliza. Akasema basi sawa.

Nilitegemea angefurahi zaidi. Lakini mtu akishikiwa nafasi yake na mwingine akaifanya vizuri, kidogo inauma. Namwelewa.

Jumatano, 12 Machi

Chiriku ametulia siku hizi. Jana alikaa kwenye mkeka na penseli zake saa nzima bila kuniita. Labda ndiyo anakua.

Vipele vidogo pembeni mwa mdomo. Nimempaka mafuta.

Bwana Muhuri ananitania. Amenishika leo nikipima chungwa langu la saa nne kwenye mizani ya kaunta. "Mama Gramu," anasema, "siku ukifa malaika watakurudisha, watakuta umejipima mwenyewe na tofauti ipo." Kaunta nzima ikacheka, nami pia.

Maswali: kumi na moja.

Alhamisi, 13 Machi

Damu tena. Kidole cha shahada. Hakukichagua yeye, nimekichagua mimi. Alinyoosha tu mkono.

Kadi imeondoka na gari la saa sita.

Jumatatu, 17 Machi

Mia nne thelathini.

Nimekaa kwenye ngazi ya ghala nikiwa nimeshika simu. Mia nne thelathini. Ujumbe wa mtaalamu: imepanda, je alikuwa na homa, nipigie tafadhali.

Hana homa. Kuna kitu kinapenya. Nimepitia daftari lote mstari kwa mstari, sita, sita, sita, hakuna siku iliyozidi. Basi ni nje ya nyumba. Nimempitia mwalimu wa chekechea na kumuuliza kama kuna mtoto anayemgawia mkate. Ameapa hakuna. Anasema Chiriku hata chakula chake mwenyewe anakula polepole, kisha analala kwenye meza. "Mama, huyu mtoto siku hizi haniulizi kitu. Nilidhani amenikasirikia."

Sijampigia mtaalamu. Nitampigia nikishajua kosa liko wapi. Nimeanza leo usiku vipimo vinne badala ya sita.

Jumanne, 18 Machi

Vinne. Wali gramu hamsini, ukahesabiwa viwili. Kabichi kimoja. Karoti kimoja.

Binti yangu amepiga simu saa moja jioni. Mtihani wake ni Ijumaa. Akauliza majibu. Nikasema bado hayajaja.

Nimeliandika hapa kwa sababu hapa sidanganyi. Nimemdanganya mwanangu.

Chiriku hakutaka kuongea na simu. Kichwa amekilaza pajani mwangu. Nywele zake zinabaki kwenye kitana.

Maswali: hakuna.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia mtaalamu wa lishe saa mbili na nusu, kabla ya kaunta kufunguliwa, kutoka chumba cha kuchambulia. Niandike yote.

Hakunigombeza kwa kuchelewa. Akasema, "Bibi, nisomee jana alikula nini. Usinisomee vipimo, nisomee gramu."

Nikamsomea. Wali gramu hamsini. Akauliza na nini? Kabichi. Na nini? Karoti. Na nini? Na maziwa yake. Akaniomba na ya Jumamosi. Wali sitini, viazi mia, kabichi, karoti. Nikasema sita kamili. Nilisema kwa fahari, Mungu anisamehe.

Nilisikia akibonyeza kikokotoo. Akasema Jumamosi haikufika hata vipimo vitatu, na jana ilikuwa kimoja na kitu kidogo.

Halafu akasema polepole, "Bibi, huyu mtoto ana njaa."

Nikamwambia haiwezekani. Kama alikula kidogo, hiyo sumu imepanda vipi?

"Siyo sumu," akasema. Na hapo akanieleza, na nitajitahidi kuiweka kama alivyoiweka, maana katika miaka yangu yote sijasikia kitu cha ajabu zaidi.

Fenilalanini mwili hauwezi kuitengeneza. Hata kidogo. Lazima iingie kwa mdomo. Na bila hiyo hakuna kinachojengwa: misuli, ngozi, damu, nywele, kila protini inadai kipande chake. Ni kama ukuta wa matofali ya aina ishirini, na kila aina ina mahali pake. Kumi na tisa ziwepo na moja ikosekane, fundi anaweka mwiko chini. Maziwa yale maalumu yote aliyokunywa mtoto kwa mrija, amefumba macho, yalikuwa matofali yaliyokosa mwenzao. Na mwili wa mtoto haukubali kusimama. Usipopewa, unakwenda kubomoa kuta zake wenyewe ili upate tofali lile moja. Unabomoa misuli. Na ukibomoa, yanamwagika mengi kwa mpigo kuliko unavyohitaji, na yule mchambuzi wa ini hayupo. Yanarundikana kwenye damu. Kwa hiyo kiwango kinapanda kwa kula kidogo mno, kama kinavyopanda kwa kula kupita kiasi.

Niliegemea magunia. Magunia ya barua, na nimeyaeleza mwenyewe juu pale tarehe tatu, nikajiona mwerevu. Sikufikiria kwamba posta ikifunga mlango mzigo hautoweki. Watu wanabaki bila barua zao.

Sijui kama inafaa kukistahi kitu ambacho nilikuwa nakikimbiza kama mwizi. Lakini nakistahi. Kipande kidogo kiasi kile, hakionekani kwa hadubini ya shule tuliyopokezana darasa zima, na ndicho kinachoshikilia kucha na kope na moyo wa mke mwenzangu. Mtaalamu anasema kwetu sisi wengine kinageuzwa kuwa asidi amino nyingine, tairosini, na kutoka humo inatoka rangi ya nywele, na sehemu ya zile salamu ambazo ubongo unajitumia wenyewe ili mtu awe na hamu ya kucheza. Chiriku tairosini anaipata kutoka kwenye kopo. Yote yamefikiriwa. Kila mlango uliofungwa, kuna mtu mahali fulani alikaa chini akatafuta dirisha.

Na binti yangu amepita katikati humo miaka mitano, kila siku, huku kuna shimo na huku kuna shimo, na barabara yenyewe ina upana wa kiazi kimoja. Hajawahi kunieleza kwamba ni vigumu. Niliona anapima, nikadhani kazi ni kuzuia. Kazi ni kufikisha.

Nikamuuliza mtaalamu kama ubongo umedhurika. Akasema kwa siku hizi chache hatarajii hivyo, ila turudishe leo leo vipimo sita, sita vya kweli, tupime damu kesho, na niwe na subira, mimi nisiyejua kusubiri. Akauliza, "Mama yake anajua?"

Nikasema atajua.

Bwana Muhuri alinikuta nimekaa juu ya gunia. Hakutania. Alisema yeye atasimama kaunta, niende nikampikie mtoto.

Chakula cha mchana: viazi gramu mia moja na sitini. Vipimo viwili. Mkono wangu uligoma kuviweka kwenye sahani, nilihisi kama nampa kiberiti achezee. Akala vyote, polepole. Karoti hakuna aliyeipima. Akaniangalia kama anangoja nimwondolee sahani.

Alhamisi, 20 Machi

Sita. Kweli.

Kadi imeondoka. Majibu ni Jumatatu.

Swali moja, wakati wa kuoga: "Bibi, kiazi kina mama?"

Nikageuza uso kwenye taulo.

Ijumaa, 21 Machi

Binti yangu amefaulu. Wa pili kati ya kumi na tisa, na mwanamke pekee. Anafika kesho saa tano. Alikuwa anacheka kwenye simu, nyuma yake wenzake wanaimba. Ningemwambiaje saa ile? Nikasema tunakungoja.

Leo mchana nilifanya jambo ambalo lazima liandikwe. Nilitoka kazini nikapita duka la vitabu nikanunua daftari lenye jalada la kijani, sawasawa na lile. Nilikuwa nimeshapanga. Ningenakili wiki tatu zote kwa usafi, gramu zile zile, vipimo vya kweli, ionekane tu kwamba mtoto alikosa hamu ya kula. Nilifika hadi Jumatano ya wiki ya kwanza. Mwandiko mzuri kabisa.

Kisha nikakumbuka alivyonyoosha mkono siku ile ya kidole cha shahada. Hakuuliza kitu.

Pale kaunta kosa halifutwi. Linakatwa kwa mstari mmoja tu, lisomeke chini yake, na iliyo sahihi inaandikwa pembeni kwa wino mwekundu. Nimewafundisha hivyo makarani saba. Nimelichana lile daftari jipya, nikalifungua la binti yangu, na nimekata mistari tangu saa tisa hadi saa kumi na mbili. Kila 2 ya uongo, kila kabichi. Pembeni kwa wekundu: 1 na robo. 1 na theluthi. 0. 0. Mwisho wa kila siku jumla mbili, ile niliyoandika na ile aliyokula. Ile ya Jumanne, 18, sikuweza kuiangalia baada ya kuiandika.

Chiriku alikuwa ubavuni mwangu anachora. Maswali tisa. Moja lilikuwa kwa nini daftari la Mama linatoka damu.

Jumamosi, 22 Machi

Amefika. Amekonda kidogo, ana mikono ya fundi sasa, kucha zina weusi wa grisi. Alimbeba mwanawe kabla ya kuweka begi chini, akamzungusha, akamshusha. Kisha akambeba tena. Alimpima kwa mikono, mimi nilimwona. Miaka mitano, hahitaji mizani.

Akamtazama mdomo pembeni, vile vipele vilivyoanza kukauka. Akapitisha vidole kwenye nywele.

"Mama," akasema, "daftari liko wapi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Tangu asubuhi nayapanga, kwanza mia nne thelathini, halafu kuchelewa kwangu, halafu ule uongo wa Jumanne. Yote yakapotea. Nikamletea daftari na kuliweka mbele yake. Nikasema, "Soma kwanza. Halafu utaniuliza, nami nitakujibu kila kitu."

Sasa ni saa saba mchana. Tuko mezani wote watatu. Yeye upande wa dirisha na daftari, Chiriku katikati na sahani, mimi huku mwisho na shajara hii, kama mtu anayeandika barua za kawaida. Naandika kwa kalamu nyekundu, ya bluu Chiriku ameimaliza kwa kuchora lifti.

Anasoma kama mimi ninavyosoma, kidole kikifuata mstari. Ukurasa wa pili, wa tatu. Amepita mia moja thelathini na tano. Chiriku anauliza kama watu wa kwenye lifti wanachoka kusimama. Mama yake anajibu "wanachoka" bila kuinua macho. Anauliza kama lifti ikijaa inajuaje. Ina mizani chini, anajibu, ikizidi inakataa kwenda. Na ikiwa na mtu mmoja mdogo sana? Inakwenda, anasema. Inakwenda tu.

Wali gramu tisini. Vipimo viwili. Nimeupima mimi, naye hakuinuka kuuhakikisha. Sijui hiyo ina maana gani.

Amefika tarehe kumi na nane. Kidole kimesimama kwenye ile jumla. Kimesimama muda mrefu. Chiriku ameuliza maswali mawili na hakuna aliyejibu, ameanza la tatu, anataka kujua kama anaweza kuongezewa karoti. Nimesogeza bakuli lote karibu yake.

Binti yangu amesoma hadi jana, kisha amegeuza ukurasa. Mbele yake ni karatasi nyeupe, ya leo, ambayo sijaigusa. Ananyoosha mkono kuja upande wangu, bila kuinua uso. Anataka kalamu, na kalamu ni hii